Usonji Uswahilini: Kutoka Mbande hadi Sinza

Anayekwenda Mbande siku hizi huiacha Barabara ya Kilwa pale Mbagala Rangi Tatu, akapita Chamazi penye uwanja wa Azam, na njia nzima haoni shamba: ni maduka, gereji, vyuo vya ushonaji na nyumba za tofali zilizobanana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbande bado ilikuwa kijiji cha pembezoni mwa Temeke. Huko ndiko alikokwenda mwanaanthropolojia Vinay Kamat kuchunguza jambo linaloonekana dogo: mtoto akichemka homa, mama yake hufanya nini kwanza? Matokeo yake aliyachapisha mwaka 2006. Homa ya kawaida haikuwa na mjadala. Mambo yalibadilika pale mtoto alipokakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka. Hiyo haikuwa homa tena. Ilikuwa degedege.

Degedege kila mtu wa Pwani analijua. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliorodhesha tiba zake: mtoto kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, kuoshwa kwa dawa za mitishamba, hata kukojolewa. Kulikuwa na onyo pia kwamba mtoto wa degedege asichomwe sindano, atakufa. Madaktari waliokuwa wakipambana na malaria walilisoma jambo hili kwa shauku, kwa kuwa walitaka kujua kwa nini watoto walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Hesabu yao ilikuwa na pande mbili tu, mtoto kapona au kafa.

Lakini kulikuwa na watoto ambao hesabu hiyo haikuwatosha. Walipona, wakarudi nyumbani, na mama akaona kuwa aliyerudi si yule aliyeondoka. Maneno aliyokuwa nayo yamepotea. Akiitwa hageuki. Anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni kutwa nzima, na ukimnyang'anya analia kana kwamba umemchoma moto.

Mwaka uleule wa 2006 jarida la kimataifa la usonji (autism) lilichapisha ripoti ya watoto 20 wa Kitanzania. Kati ya walioiandika alikuwamo Dkt. Noah Ndosi, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, na Susan Folstein wa Marekani. Watoto 14 kati ya hao 20 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa hadi umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha usonji ukajitokeza walipopata nafuu ya malaria kali iliyoandamana na homa ya muda mrefu na degedege. Wengine wanne walipata maradhi na mabadiliko kwa wakati unaokaribiana, ila waandishi walionya kwamba huenda ni sadfa, maana malaria humpata karibu kila mtoto nchini. Saba waliobaki walikuwa na dalili za usonji kabla ya shambulio lolote kubwa la malaria.

Folstein hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1977, akiwa na Michael Rutter jijini London, aliwachunguza mapacha jozi 21. Kwa mapacha wanaofanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji, na kwa jozi 10 za wasiofanana hapakuwa na hata moja. Huo ulikuwa ushahidi wa mwanzo wenye uzito kwamba usonji hurithiwa. Karibu miaka 30 baadaye, mtu yuleyule aliyeonyesha nguvu ya damu aliweka jina lake kwenye ripoti iliyosema kwamba, kwa watoto wachache wa Tanzania, mbu naye huenda ana kesi ya kujibu. Basi bibi wa Mbagala anayesisitiza kuwa mjukuu wake aliharibiwa na degedege hastahili kuchekwa. Kwa wengi atakuwa amekosea, kwa baadhi huenda yuko sahihi.

Kabla ya ripoti hiyo, historia ya watoto wenye usonji Dar es Salaam ni historia ya kutoonekana. Wakoloni walikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili: Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani kisha ikageuzwa hospitali ya akili, na Mirembe mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927 chini ya Waingereza. Wote hao walikuwa wakiwaza mtu mzima anayesumbua barabarani. Mtoto wa miaka minne asiyesema, aliyejificha uani kwao Ilala au Temeke, hakumsumbua bwana shauri yeyote.

Shule nazo zilikuja kwa mafungu. Ya wasioona ilianzishwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa la Anglikana. Ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963, na Wakatoliki. Mtoto mwenye usonji hakuwa kipofu wala kiziwi, lakini kwa kuwa hakuitika wala kusema, majirani walimweka kwenye fungu la mabubu. Asipotosha huko aliitwa zezeta au taahira, na kwa lugha ya hospitali za baadaye, mwenye mtindio wa ubongo. Kila fungu lilikuwa na mlango wake, yeye hakuwa na wake.

Ng'ambo nako jina lilikuwa changa. Leo Kanner wa Baltimore aliwaeleza watoto 11 mwaka 1943. Hans Asperger wa Vienna aliwaeleza wavulana wanne mwaka uliofuata: waliozungumza vizuri, tena kwa lugha ya wakubwa, wenye kujua mambo fulani kupita kiasi, lakini wasioweza kucheza na wenzao. Asperger aliandika chini ya utawala wa Wanazi. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba daktari huyo aliwapeleka watoto kadhaa katika kituo cha Spiegelgrund, ambako karibu watoto 800 walikufa, wengi kwa kuuawa. Sifa ya mkombozi wa watoto wa ajabu ikaingia doa lisilofutika.

Afrika ilikaguliwa mara moja, harakaharaka. Mtafiti Victor Lotter alizunguka miji tisa katika nchi sita, Kenya ikiwamo, akapitia watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili waliokuwa katika taasisi, na mwaka 1978 akaripoti kwamba waliotimiza vigezo vyake vya usonji walikuwa tisa. Tanzania haikuwa katika ratiba yake. Wapo waliosoma takwimu hiyo wakaamua kuwa usonji ni maradhi ya Wazungu. Hawakujiuliza ni mtoto yupi wa Kiafrika wa miaka ya 1970 aliyekuwa ndani ya taasisi ya kukaguliwa. Wengi walikuwa uani.

Uani penyewe palikuwa panabadilika. Sensa ya mwaka 1978 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 843,090, na jiji lilikuwa likitanuka kuelekea kila upande. Kuanzia mwaka 1974, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha Manzese. Awamu iliyofuata ilifika Mbagala, Tabata, Mtoni na Tandika. Watu wa mikoa yote wakapata kiwanja, wakajenga nyumba ya vyumba sita, wakapangisha vitatu. Familia ya Kigoma ikakaa ukuta mmoja na ya Lindi.

Kwa mtoto mwenye usonji, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Kijijini alikokulia baba yake, asiyesema angeweza kuswaga mbuzi na kuteka maji, na kila aliyekutana naye njiani alimjua ni mtoto wa nani. Manzese hakuna mbuzi wala wa kumjua. Mlango ukiachwa wazi, anatoka. Dar es Salaam mtoto akipotea, kipaza sauti cha msikiti hutangaza: wa kiume, umri miaka sita, kavaa fulana nyekundu na kaptula ya shule, atakayemwona amlete kwa mjumbe. Huyu akikutwa Buguruni na kuulizwa anaitwa nani, anatazama pembeni, au analirudia swali kama lilivyoulizwa. Ndiyo maana wapo mama wanaoandika namba ya simu kwa kalamu isiyofutika ndani ya ukosi wa shati la mtoto, na wengine hufunga geti kwa kufuli mchana kweupe. Jirani huliona kufuli hilo akanong'ona kwamba pale pana mtoto anayefichwa. Mara nyingine ni kweli, na mara nyingine ni mama anayeogopa barabara.

Elimu kwa Wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 na kuanza kutekelezwa mwaka 1977, iliwaingiza watoto wengi darasani kuliko wakati wowote kabla yake. Ikawaweka wazi pia wale waliobaki nje. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka wa walemavu. Tanzania ikatunga sheria mbili za walemavu mwaka 1982, na katika miaka hiyohiyo serikali ikaanza madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili ndani ya shule za kawaida. Huku uswahilini yakaja kujulikana majina yenye neno Maalum nyuma yake: Sinza Maalum, wakati huo Sinza ikiwa Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa manispaa, na Mtoni Maalum kwa upande wa Temeke. Ni mitaa ileile ya mradi wa viwanja. Kitengo kilichojulikana zaidi kwa watoto wenye usonji wenyewe kilikuwa Ilala, katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto. Walimu wao walitoka kwa wingi Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachofundisha elimu maalumu.

Hapo ndipo palipo kiini cha historia hii, nacho hakimo katika vitabu vya tiba. Usonji Dar es Salaam haukuanza kushughulikiwa na daktari mwenye vipimo. Ulianza kushughulikiwa na mwalimu wa shule ya msingi, aliyeletewa mtoto asiyeingia kwenye fungu lolote, akajifunza kazi hapohapo.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu haina ajabu ya kupigiwa picha. Ukutani pamebandikwa kadi za picha kwa mpangilio: kunawa, uji, kazi, choo, kucheza, nyumbani. Mtoto anaongozwa kuigusa kadi kabla ya kila tendo, kwa sababu picha inakaa mahali pake na neno linapita. Mezani kuna vizibo vya soda, vyekundu huku na vya kijani kule. Anayevipanga kwa nusu saa bila kuinua kichwa hapotezi muda. Anatulia, na akitulia ndipo mwalimu anapata nafasi ya kumfundisha kufunga kifungo. Kengele ya shule ikigongwa, wawili wanaziba masikio. Mwalimu anayejua kazi yake anawaambia mapema kwamba kengele inakuja. Kumfundisha mtoto mmoja kwenda chooni mwenyewe kunaweza kuchukua muhula mzima. Siku akienda, mama yake anapata kitu ambacho hakuna zahanati iliyowahi kumpa.

Kufika huko ni kazi nyingine. Fikiria safari ya kutoka Mbagala hadi Ilala asubuhi: honi, konda anayepiga bati, redio juu kabisa, abiria wamebanana hadi mlangoni. Kwa mtoto ambaye kila sauti inamwingia kwa ukali uleule, daladala ni mateso. Akipiga kelele, abiria hawakosi la kusema. Mmoja anashauri aombewe, mwingine anamwambia mama amchape, wa tatu anatoa jina la mtaalamu wa Tanga. Mama anashuka vituo viwili kabla, anatembea.

Mama huyo ndiye aliyebebeshwa mzigo, na ndiye aliyebebeshwa lawama. Joel Ambikile na Anne Outwater waliwahoji walezi waliowaleta watoto kliniki ya akili ya Muhimbili, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Walezi walieleza msongo, kunyanyapaliwa, kukosa msaada wa ndugu, na kazi zilizoachwa kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto. Pwani ya Kenya, timu ya Joseph Gona iliwauliza wazazi na wataalamu chanzo cha usonji, na katika ripoti ya mwaka 2015 majini, uchawi na laana vimekaa bega kwa bega na malaria na matatizo ya uzazi. Katika orodha za namna hiyo, mwenye kosa ni rahisi kumpata. Mama ndiye aliyevunja mwiko, au ukoo wake ndio wenye majini.

Asidhani mtu kuwa hii ni shida ya waswahili. Marekani, profesa wa Chicago alisema jambo lilelile kwa maneno ya kisomi. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliufanya usonji kuwa zao la mama mwenye moyo wa baridi, na kizazi kizima cha akina mama kilibeba hatia isiyo yao. Aliyelipinga wazo hilo mapema, hata kabla ya kitabu hicho, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji. Uingereza, chama cha mwaka 1962 kilianzishwa na wazazi, akiwamo Lorna Wing, daktari wa akili na mama wa binti mwenye usonji. Mganga wa Temeke na profesa wa Chicago walitofautiana vifaa tu.

Ni Wing huyohuyo aliyeufufua utafiti wa Vienna. Mwaka 1981 aliandika makala iliyoipa dunia jina la Asperger, akiwazungumzia wale wenye maneno mengi na akili ya kawaida au zaidi, ambao vigezo vya Kanner viliwaacha nje. Jina hilo likaingia katika miongozo ya magonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wamarekani wakaliondoa mwaka 2013, na mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, ukawakusanya wote chini ya usonji mmoja mpana.

Tandale na Tandika jina hilo lilipita bila kugonga hodi. Na hapa ndipo penye upungufu mkubwa ambao hata vitengo vyenye sifa havijauziba. Madarasa maalumu yalijengwa kwa ajili ya mtoto ambaye hali yake inaonekana: hasemi, anajigonga, anakimbia. Yule wa Asperger anasema, tena sana. Ni mvulana anayeweza kukutajia kila njia ya daladala kwa rangi ya mstari ubavuni, kituo kwa kituo, lakini hajui kwamba mwenzake kachoka kusikiliza. Akimwona mwalimu kakosea hesabu, anamsahihisha mbele ya darasa, na hajui kwa nini anachapwa. Mapumziko anakaa peke yake ukutani. Utani wa watani unampita, kwa kuwa kila neno analichukua lilivyo. Nyumbani anaambiwa ana kiburi, shuleni mjeuri, mtaani mshamba. Msichana wa aina hiyo ndiye anayepotea kabisa, maana ukimya wake husifiwa kuwa adabu.

Ada za shule zilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, uandikishaji ulipaa, na madarasa ya pembezoni yakafurika hadi wengine wakakaa sakafuni. Katika darasa la watoto 100 na zaidi, mwalimu hana jicho la kumtambua huyu. Mtoto anayefaulu hesabu na asiyepigana haingii kwenye orodha ya yeyote.

Karatasi, kwa upande wake, haijakosekana. Sera ya watu wenye ulemavu ilitoka mwaka 2004, mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaridhiwa mwaka 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010, na mkakati wa elimu jumuishi ulianza mwaka 2009. Kila tarehe 2 Aprili, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, huwa na hotuba na fulana za buluu. Lukiza Autism Foundation imeandaa mbio za kuchangia na kuelimisha, na wazazi wameacha kuona haya kusema redioni. Hilo la redio ndilo pengine lililobadilisha mengi zaidi. Mama wa Kigamboni akimsikia mwenzake akimweleza mtoto wake mwenyewe neno kwa neno, hahitaji tena mtu wa kumtafsiria.

Kinachokosekana ni idadi. Kampala, Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walitumia dodoso la maswali 23 kuwachuja watoto zaidi ya 1,100 wa jiji hilo na wilaya ya Wakiso, wakionyesha kuwa kazi hiyo inawezekana hata pasipo na wataalamu wengi. Shirika la Afya Duniani kwa miaka kadhaa lilikadiria mtoto mmoja kwa kila 100. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke na watu 1,346,674 na Kinondoni na 982,328. Ukitumia kipimo hicho kwa watu wa rika zote, Temeke ingekuwa na zaidi ya 13,000 na Kinondoni karibu 10,000. Viti vya madarasa maalumu katika manispaa zote mbili havikaribii hata kidogo idadi hiyo.

Kwa hiyo ombi linakwenda kwa halmashauri: mwalimu mmoja wa Patandi aliyewekwa kuzungukia shule za kata nzima atawaona watoto ambao kitengo cha mbali hakitawaona kamwe, na atawapunguzia mama wa Mbagala na Chamazi safari ya Ilala. Kwa mzazi, neno ni fupi zaidi. Mtoto akifika miaka miwili hajasema, au aliyekuwa akisema akanyamaza, au akiitwa jina hageuki, apelekwe kwanza apimwe masikio. Yakiwa mazima, mzazi aombe rufaa ya kliniki ya watoto au ya akili Muhimbili, au amwone mtaalamu wa hospitali ya CCBRT pale Msasani, na asikubali kurudishwa nyumbani kwa jibu kwamba atasema akikua.